Kisia kwanza, kisu baadaye: sayansi iliyomo ndani ya boga

Kila inapokaribia tarehe 31 Oktoba, Wamarekani hununua maboga kwa wingi ambao ungemshangaza muuza mboga yeyote wa Kariakoo, na mengi kati ya hayo hayaendi jikoni. Yanakatwa juu kama kifuniko cha chungu, yanakwanguliwa ndani, yanatobolewa macho, pua na meno, halafu mshumaa unawashwa tumboni na boga linakaa barazani likiwakenulia wapita njia. Ndiyo Halloween hiyo. Uchongaji huwa ni kazi ya watoto, au tuseme ni ya watoto mpaka kisu kikwame kwenye ganda. Hapo baba huitwa.

Desturi yenyewe ilivuka bahari. Huko Ayalandi watu walikuwa wakichonga nyuso za kutisha kwenye tanipu, mzizi mnene wa jamii ya kabichi, ambao kuutoboa ni adhabu. Walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19 wakakuta boga: kubwa, lina uwazi ndani tayari, na linaiva msimu uleule. Tanipu ikasahaulika.

Kabla hujaniuliza Halloween inatuhusu nini: haituhusu, na sina mpango wa kumletea mtu sikukuu mpya. Kinachonivutia ni kinachotokea mezani kabla mshumaa haujawashwa. Walimu wengi wa shule za msingi kule wamegeuza boga kuwa kipindi cha hesabu na sayansi. Watoto wanapima mzunguko wake kwa kamba, wanahesabu mbegu, wanaliangalia likioza. Na boga sisi tunalo. Linaingia kwenye futari na tui la nazi, linachemshwa asubuhi likaliwa na chai, majani yake ndiyo msusa. Tofauti ni kwamba kwetu linapasuliwa jikoni na mtu mzima mwenye haraka zake, na mtoto analiona likiwa limeshafika kwenye sahani. Kilichokuwa cha kujifunza kimeshatupwa kwenye ndoo ya maganda.

Swali kabla ya kisu

Tuanze na jambo ambalo hata hao Wamarekani wengi hulikosa. Kumpa mtoto boga achezee hakumfundishi sayansi moja kwa moja. Anaweza kulikwangua saa nzima, akachafua nguo, akafurahi, na kesho yake ukimuuliza amejifunza nini akakwambia boga lina utelezi.

Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao, katika Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha utafiti kuhusu maonyesho ya fizikia darasani, yale ambayo mhadhiri anafanya jaribio mbele na wanafunzi wanatazama. Walipowapima baadaye, wanafunzi waliotazama tu hawakuweza kueleza sababu ya kilichotokea vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakuona onyesho lolote. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Lakini wale walioambiwa kwanza waandike wanadhani nini kitatokea, ndipo wakatazama, walielewa zaidi. Nyongeza yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu.

Wale walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, sio watoto wa darasa la pili, kwa hiyo tusiyabebe matokeo yao mzimamzima. Ila sababu yake inaeleweka bila shida. Mtu asiyekisia hana cha kushangaa. Ukishasema kwa mdomo wako kwamba boga litazama, halafu likaelea, kichwa kinabaki na deni la kulipa.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni mmoja: kila hatua, kabla ya kisu, mtoto anasema anachokisia na kwa nini. Ikiwezekana aandike au achore, maana watoto (na watu wazima wa kutosha) wana tabia ya kusema "nilijua tu" baada ya jibu kuonekana.

Boga zima lina mengi

Mpe mtoto boga ambalo halijaguswa. Upande mmoja lina kikonyo. Upande wa pili lina alama ya mviringo, kama kitovu. Muulize hiyo alama ni nini.

Wengi watasema ni kitovu kweli, mahali boga lilipokuwa linashikiliwa na mmea. Ni kinyume. Kikonyo ndicho kilichokuwa kikipitisha maji na chakula, kwa hiyo kama boga lina kitovu, ni kikonyo. Ile alama ya chini ni kovu la ua. Ua jike la boga limekaa juu ya kiboga kidogo, na petali zikishanyauka na kudondoka, linabaki kovu. Kama kuna mmea wa boga karibu, mpeleke akaone mwenyewe: ua lenye kiboga chini yake ni jike, ua lenye kijiti chembamba mtupu ni dume. Mmea mmoja unabeba yote mawili.

Halafu karai la maji. Weka kando yake jiwe linaloenea kwenye kiganja. Lipi litazama? Boga la kilo nne ni zito kuliko jiwe lile mara nyingi, na watoto wengi watalihukumu boga kwa uzito wake. Jiwe linazama, boga linaelea. "Mama, mbona zito linaelea?" Hapo sasa ndipo pa kuzungumza. Uzito peke yake hausemi kitu. Unaulinganisha na uzito wa maji ambayo kitu kinayasukuma ili kipate nafasi. Boga lina uwazi mkubwa wenye hewa, kwa hiyo linachukua nafasi kubwa kuliko uzito wake unavyostahili. Kule Nova Scotia, Kanada, watu hukwangua maboga makubwa, wakaingia ndani na kushindana kwa makasia. Ukidhani natania, kumbuka kwamba mwaka 2023 huko Half Moon Bay, California, lilipimwa boga la kilo 1,247. Huo ni uzito wa gari dogo.

Na kuelea huku kuna kisa kinachotugusa sisi. Kibuyu ni ndugu wa boga, wako jamii moja ya mimea, lakini boga asili yake ni bara la Amerika na kibuyu asili yake ni Afrika. Ajabu ni kwamba vibuyu vilikuwa vikitumika Amerika maelfu ya miaka kabla ya Columbus. Vilifikaje? Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vibuyu vya kale vya Amerika vina ukaribu na vile vya Afrika, na maelezo yaliyoonekana kutosha ni kwamba vilielea tu vikavuka Atlantiki, mbegu zikiwa salama ndani. Karai lako la maji na bahari ya Atlantiki vinafuata kanuni ileile.

Ndani: mbegu na nyuki

Sasa kata. Mtu mzima akate, na akate kwa upana, katikati, sio kuanzia kikonyo kushuka. Kabla ya hapo mtoto achore anavyodhani ndani patakuwaje, na akisie idadi ya mbegu.

Ukikata kwa upana utaona mbegu hazijatawanyika ovyo. Zimeshikana kwenye mafungu, mara nyingi matatu, wakati mwingine manne au zaidi. Kama ute na nyuzinyuzi vinakuchanganya, kata tango uweke pembeni. Kwenye tango utatu unaonekana wazi kabisa. Mafungu hayo yanatokana na jinsi ovari ya ua ilivyojengwa, kwa vipande vilivyoungana, na kila kipande kilikuwa na viyai vyake. Ukirudi kwenye ua jike ukaangalia katikati, ile sehemu yenye kunata inayopokea chavua nayo imegawanyika vilevile. Mtoto anaweza kukisia idadi ya mafungu ya ndani kwa kuangalia ua tu, miezi miwili kabla ya boga kuiva. Mimi naona hilo ni jambo zuri kuliko uso wowote wa kuchonga.

Hesabu ya mbegu usiifanye moja moja. Boga la kawaida lina mbegu mia kadhaa, na mtoto akifika 87 akapiga chafya amepotea. Zioshwe, zipangwe kumi kumi, makumi yapangwe kuwa mamia. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye hajawahi kuelewa kwa nini tunaandika makumi na mamoja ataona mwenyewe kwamba bila mafungu hakuna anayefika mwisho. Wakubwa kidogo wafanye kisasa zaidi: wapime mbegu 50 kwenye mizani ya jikoni, wapime zote, wapige hesabu, halafu ndipo wahesabu kuona wamekosea kwa kiasi gani.

Katika kupanga huko watagundua kwamba mbegu hazifanani. Kuna nono na kuna pepe, bapa, tupu ndani. Usizitupe pepe, maana ndizo zenye habari.

Ili mbegu moja itengenezwe, chembe moja ya chavua lazima itue kwenye ua jike na kukifikia kiyai kimoja. Mbegu mia tatu, chembe mia tatu, na ukweli ni kwamba zinahitajika nyingi zaidi ya hapo kwa sababu si zote zinazofanikiwa. Chavua ya boga ni kubwa na inanata, upepo hauiwezi. Anayeibeba ni mdudu. Amerika wapo nyuki wa porini ambao wameishi na mimea ya jamii hii peke yake kwa muda mrefu sana. Huku kwetu kazi kubwa wanaifanya nyuki wetu wa asali na wengineo. Na muda wao ni mfupi: ua la boga hufunguka alfajiri, likifika saa sita mchana limeshajikunja. Ua jike lina asubuhi moja ya maisha. Likikosa wageni wa kutosha asubuhi hiyo, kiboga hugeuka njano na kudondoka, au kinakua kikiwa kimepinda upande mmoja, na ndani mbegu nono zinakuwa chache.

Kwa hiyo mtoto anapotenganisha nono na pepe, anasoma ripoti ya asubuhi moja shambani. Pepe zina sababu nyingine pia, kama ukame au mmea kuelemewa, hivyo asikimbilie kuwalaumu nyuki. Lakini swali limeshafunguka, na linafika mbali. Mkulima anayepulizia dawa ya wadudu saa moja asubuhi kwenye shamba la maboga anawapiga walewale waliokuja kumzalishia. Akisubiri jioni, maua yakiwa yamefungwa, hasara inapungua. Na mchuma msusa anayependa kuchanganya na maua achume madume, abakize machache, majike ayaache. Nimekutana na watu wazima wenye bustani ambao wanaona maua dume yanadondoka wanadhani mmea unaumwa. Hauumwi. Yamemaliza kazi.

Mshumaa

Hapa nitapita haraka, kwa sababu mshumaa ndani ya boga ni jaribio dogo ambalo unaweza kulifanya kwa gilasi. Mwali unahitaji oksijeni, hewa ya moto inapanda. Boga lenye macho na mdomo na tundu juu linavuta hewa mpya kutoka chini na kutoa ya moto juu, kama dohani. Ziba tundu la juu na uso wote, mwali unafifia na kuzimika. Mtoto akisie utachukua muda gani. Basi.

Kuoza ndilo somo refu

Boga zima, likiwa kavu na lisilo na jeraha, linakaa miezi mahali penye ubaridi na hewa. Lililochongwa linaanza kulegea baada ya siku chache, na kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam usilipe hata hizo. Lilikuwa tunda lilelile jana. Kimebadilika nini?

Ganda. Ganda la boga lina utando wa nta unaozuia maji yasitoke na kuvu wasiingie. Vijimbegu vya ukungu vipo kwenye hewa kila wakati, vinatua juu ya boga zima na kukosa mlango. Kisu kinafungua mlango, na ndani kuna nyama laini yenye maji karibu asilimia 90 na sukari kidogo. Kwa mtoto unaweza kulinganisha na goti lililochubuka: kwa nini tunaliosha na kulifunika?

Uso uliochongwa hunyauka pia kabla ya kuoza. Meno yanajikunja ndani, boga linafanana na kikongwe. Hapo hakuna ukungu bado, ni maji yametoka kwenye seli, na seli isiyojaa maji inalegea kama mpira uliopungua upepo. Ukilizamisha kwenye maji baridi usiku kucha, litakakamaa tena kwa kiasi fulani. Hiyo ndiyo osmosisi ambayo wengi wetu tulikariri kidato cha pili kwa mchoro wa kiazi.

Jaribio ninalolipenda linahitaji vipande vinne tu vya boga, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Cha kwanza kiachwe mezani. Cha pili kifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Cha tatu kipakwe chumvi nyingi. Cha nne kianikwe juani. Mtoto avipange kwa kukisia kipi kitaota ukungu kwanza, aandike tarehe, halafu awe anachora kila siku kwa wiki moja. Watoto wengi hudhani mfuko unalinda, kwa sababu wameona vyakula dukani vimefungwa plastiki. Mfuko ule umefungia unyevu ndani, na huo ndio ukungu unaoupenda. Kipande cha chumvi kitatoa maji chini yake ndani ya saa moja. Cha juani, kama jua lipo kweli, kitakauka kabla kuvu hawajapata nafasi, na hapo mtoto atakuwa ameelewa kwa nini kibuyu kilichokaushwa vizuri kinadumu miaka, na kwa nini Wakamba waliweza kuchora nakshi kwenye vibuyu vyao bila kuviona vikioza wiki ijayo. Mfuko wenye ukungu usifunguliwe; utupwe ulivyo, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu.

Kwa nini boga si chungu

Hili halionekani kwa macho, lakini watoto wanalipenda kwa sababu lina mnyama mkubwa. Maboga ya porini yana kemikali chungu sana. Mnyama mdogo akionja anatema. Lakini mbegu zake zimekutwa kwenye kinyesi cha kale cha mastodoni, ndugu wa tembo aliyetoweka Amerika mwishoni mwa zama za barafu. Watafiti walipolinganisha vinasaba, mwaka 2015, waliona kwamba wanyama wakubwa wana jeni chache za kutambua uchungu kuliko wanyama wadogo. Mastodoni alikula, akatembea, akapanda mbegu kwa njia yake. Alipotoweka, boga la porini lilibaki bila msafirishaji. Wakati huohuo binadamu akawa ameshaanza kulichukua: mbegu zilizopatikana kwenye pango la Guilá Naquitz, Oaxaca, Meksiko, zinaonyesha watu walikuwa wakilima boga miaka 10,000 hivi iliyopita. Kizazi kwa kizazi walichagua lisilo chungu.

Uchungu haujafutika kabisa. Mara mojamoja boga au mumunye hurudi kuwa chungu. Ukionja kipande kikakukata ulimi, tema na utupe lote, hata kama ni la futari na wageni wako mlangoni. Kemikali ile haiondoki kwa kupika na inaweza kukuumiza tumbo vibaya.

Kisu, na chakula

Mambo mawili ya kusemwa wazi. La kwanza, kila Oktoba madaktari wa Marekani hushona mikono ya wachonga maboga. Kisu cha jikoni kinakwama kwenye ganda gumu, mtu anasukuma kwa nguvu, kinachomoka na kupita kwenye kiganja cha pili. Ndiyo maana kule wanauza vimisumeno vidogo vyenye meno butu kwa ajili ya kazi hii. Kwetu havipo madukani, kwa hiyo mtoto achore, akwangue kwa kijiko, apange, ahesabu. Kukata ni kwa mtu mzima, boga likiwa limekaa juu ya kitambaa chenye unyevu lisiteleze.

La pili ni uzito wa kuharibu chakula. Mama yangu angenipiga kofi kabla sijamaliza kutoboa jicho la kwanza, na angekuwa na haki. Lakini angalia tena: kovu, karai la maji, mafungu ya mbegu, hesabu, nono na pepe, hakuna hata kimoja kinachozuia boga lisiingie chunguni dakika ishirini baadaye. Vipande vinne vya ukungu ni ukubwa wa viberiti vinne. Mbegu zenyewe zikishahesabiwa zinakaangwa na chumvi.

Bakiza kumi tu za kuotesha kwenye kitambaa chenye maji. Usimwahidi mtoto kwamba atapata boga kama lile mlilokula, maana nyuki huenda alileta chavua kutoka shamba la jirani lenye aina nyingine. Mbegu ina upande wa mviringo na upande uliochongoka. Kabla haijaota, mwambie aweke kidole pale anapodhani mzizi utatokea.